Kumfunga mtu bila kueleza kwa nini: Marekani, vita na habeas corpus

Mwezi Mei 2025 Stephen Miller, mshauri wa karibu wa Rais Donald Trump, aliwaambia waandishi wa habari nje ya Ikulu ya White House kwamba serikali inalitazama kwa dhati suala la kusitisha habeas corpus, na kwamba mengi yatategemea mahakama zitaamua vipi. Wiki mbili hazijaisha, Kristi Noem, wakati huo waziri wa usalama wa ndani, akaulizwa na Seneta Maggie Hassan habeas corpus ni kitu gani. Akajibu kuwa ni haki ya kikatiba aliyonayo rais ya kuwaondoa watu nchini. Hassan alimkatiza palepale: ni kinyume chake, ni kanuni inayoilazimisha serikali iseme hadharani sababu ya kumshikilia mtu.

Tangu hapo, kila nikikaa na watu wanaojua kwamba nasoma hukumu za kale kama wengine wanavyofuatilia ligi, naulizwa: kwani inawezekana? Inawezekana, imeshafanyika, na Katiba ya Marekani yenyewe inaruhusu. Ila jibu hilo likiishia hapo humwacha muulizaji akiogopa kitu kisichostahili hofu hiyo yote. Usitishaji uliotangazwa, ukapigiwa kura na kuwekewa mipaka, sio unaonitisha. Unaonitisha ni ule unaofanyika bila mtu yeyote kuutaja.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtu akikamatwa, yeye au wa kwake anaweza kwenda kwa jaji, na jaji anamwandikia hati anayemshikilia, awe mkuu wa gereza, jenerali au waziri, amlete na aeleze ni sheria gani inayompa ruhusa ya kumshikilia. Sababu isiposimama, mtu anaachiwa. Ndio hivyo tu. Jaji hapo hapimi kama mtu ana hatia. Anapima kama kuna sheria nyuma ya kufuli.

Waingereza waliipa haki hii sheria kamili mwaka 1679, na Bunge lao likajizoesha kuisitisha kila mara taji lilipotikiswa. Mwaka 1777 walisitisha kwa ajili ya Wamarekani walioasi. Kwa hiyo waliokaa Philadelphia mwaka 1787 kuandika Katiba walikuwa wameonja. Hawakuandika kwamba kila mtu ana haki ya habeas corpus. Waliandika kwamba haki hiyo haitasitishwa, isipokuwa pale ambapo, wakati wa uasi au uvamizi, usalama wa umma utalazimu. Sentensi yenyewe waliiweka katika Ibara ya 1, ile ya Bunge, Kifungu cha 9. Nani anayesitisha? Hawakusema.

Kwa zaidi ya miaka sabini hakuna aliyelazimika kujibu. Mwaka 1807, wakati wa sokomoko la njama za Aaron Burr, aliyewahi kuwa makamu wa rais, Seneti ilichukua siku moja tu kupitisha muswada wa kusitisha, lakini Baraza la Wawakilishi likautupa kwa kura 113 dhidi ya 19. Rais Thomas Jefferson hakusema kwamba anaweza kusitisha mwenyewe. Wote walichukulia kwamba hiyo ni kazi ya Bunge.

Halafu ikaja 1861, na vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini.

Ukitazama ramani utaelewa presha iliyokuwa juu ya Rais Abraham Lincoln. Washington imezungukwa na Maryland pande tatu, na ng'ambo ya mto kuna Virginia, ambayo ilikuwa inajitenga. Tarehe 19 Aprili kikosi cha Massachusetts kilikuwa kinavuka Baltimore kutoka stesheni moja kwenda nyingine kuelekea kulinda mji mkuu. Umati ukakivamia kwa mawe na bastola. Wakafa askari 4 na raia 12. Madaraja ya reli kaskazini mwa mji yakachomwa moto. Bunge lilikuwa likizo. Tarehe 27 Aprili Lincoln alimwandikia Jenerali Winfield Scott kwamba, upinzani ukijitokeza kwenye njia ya jeshi kati ya Philadelphia na Washington, anaruhusiwa kusitisha habeas corpus. Barua fupi kwa jenerali wake, wala haikuwa tangazo kwa umma.

Saa nane usiku wa tarehe 25 Mei askari walimtoa John Merryman kitandani kwake Cockeysville, nje ya Baltimore. Alikuwa mkulima mwenye uwezo na luteni wa wanamgambo wapanda farasi, akituhumiwa kushiriki kuchoma madaraja. Walimfungia katika ngome ya Fort McHenry. Wakili wake akamkimbilia Roger Taney, Jaji Mkuu wa Marekani, mzee wa miaka 84. Taney akaandika hati: Jenerali George Cadwalader amlete Merryman mahakamani.

Jenerali hakuja. Alimtuma kanali mmoja, aliyeingia mahakamani na upanga kiunoni na mshipi mwekundu, akasoma maelezo ya bosi wake: rais amempa mamlaka ya kusitisha, kwa hiyo mfungwa haji. Taney akaamuru jenerali mwenyewe aletwe kwa kuidharau mahakama. Kesho yake ofisa wa mahakama alikwenda Fort McHenry na amri hiyo. Alisimama kwenye lango la nje, akatuma kadi ya jina lake ndani, akangoja. Aliyeipeleka akarudi kumwambia kwamba hakuna jibu, na haruhusiwi kupita. Akageuza, akaenda kueleza yaliyompata.

Hukumu nzima ya Merryman naiona imekaa pale langoni. Taney alikiri kwamba ofisa wake angeweza kukusanya raia wamsaidie, lakini mbele ya jeshi wasingefua dafu. Akaandika maoni marefu kwamba rais hana mamlaka hayo na kwamba Ibara ya 1 inalihusu Bunge, akayatuma kwa Lincoln, akaishia hapo. Lincoln hakumjibu. Tarehe 4 Julai, Bunge lilipokutana, aliwauliza wabunge: sheria zote zisitekelezwe isipokuwa moja, na serikali yenyewe isambaratike, ili tu hiyo moja isivunjwe?

Swali hilo limenukuliwa kiasi cha kuchosha, lakini lina uzito wake. Lisilobudi hutendwa, na Lincoln hakuificha hoja hiyo. Na anayetaka kumfanya Taney shujaa asisahau kwamba ndiye aliyeandika hukumu ya Dred Scott mwaka 1857, iliyosema Mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani. Kwenye suala la nani anasitisha, naona Taney alikuwa sahihi. Kumpenda siwezi.

Shida ya Lincoln, kwangu, inaanza baada ya reli kuwa salama. Septemba 1861 walikamatwa wabunge wa Maryland, na pamoja nao Frank Key Howard, mhariri wa gazeti la Baltimore. Usiku wake wa kwanza alilala Fort McHenry, ngome ileile ambayo babu yake Francis Scott Key aliitazama ikipigwa mizinga na Waingereza Septemba 1814 kisha akaandika mashairi yaliyokuja kuwa wimbo wa taifa. Mjukuu hakuchoma daraja lolote. Alichokuwa nacho ni gazeti.

Kutoka hapo mambo yakatanuka. Tangazo la tarehe 24 Septemba 1862 lilifunika nchi nzima, na miongoni mwa waliolengwa ni wote waliokatisha watu tamaa ya kujiandikisha jeshini au waliofanya "vitendo visivyo vya uaminifu." Ukiwa na jirani mwenye kinyongo na sajenti mwenye bidii, maneno hayo yanakutosha. Raia waliokamatwa na jeshi hadi vita kuisha walizidi 10,000, na wengi wao walitoka maeneo ya mpakani ambako mapigano na magendo vilikuwa vya kweli, kwa hiyo idadi peke yake haikuambii nani alionewa. Majimbo ya Kusini, yaliyokuwa yakimwita Lincoln dikteta asubuhi na jioni, nayo yalisitisha: Bunge lao lilimpa rais wao, Jefferson Davis, ruhusa hiyo Februari 1862.

Bunge la Washington liliingia kazini Machi 1863. Sheria waliyopitisha ilimpa rais mamlaka ya kusitisha, na papo hapo ikaitaka serikali iwapelekee majaji orodha ya majina ya wafungwa. Mfungwa ambaye jopo la mashitaka limemaliza kikao bila kumshitaki aachiwe akishakula kiapo cha utii. Orodha ya majina! Naona hicho ndicho kipande cha maana kuliko vyote katika sheria ile, ingawa jeshi liliitekeleza kwa kusuasua. Mtu mwenye jina kwenye orodha iliyo mezani kwa jaji si rahisi kupotea.

Katika barua yake ya Juni 1863 kwa Wademokrati wa Albany, Lincoln alisema haamini kwamba hatua za wakati wa uasi zitawapotezea Wamarekani haki zao wakati wa amani, kama asivyoamini kwamba mtu anaweza kuzoea dawa ya kutapisha wakati wa ugonjwa hadi aendelee kuinywa maisha yake yote akiwa mzima. Mcheshi, na wakili mzuri. Lakini wanaokunywa dawa hiyo ni wafungwa, na anayemimina ni mwingine kabisa, kwa hiyo sijui huyo mwingine angechoka kwa nini.

Kesi ya Lambdin Milligan wengi wanaijua. Raia wa Indiana, alihukumiwa kunyongwa na mahakama ya kijeshi katika jimbo ambalo mahakama za kawaida zilikuwa wazi kila siku. Mwaka 1866 Mahakama ya Juu ilimwachia, na aliyeandika hukumu ni Jaji David Davis, rafiki wa Lincoln aliyemsimamia kampeni: Katiba ni sheria kwa watawala na wananchi, vitani na katika amani sawasawa. Maneno matamu. Yalitoka mwaka mmoja baada ya bunduki kunyamaza. Milligan aliwashitaki waliomfunga, akashinda, akapewa fidia ya dola 5.

Usitishaji ambao mimi huwaonyesha watu wanaodhani jambo hili lina sura moja ni wa mwaka 1871. Vita imeisha, watumwa wameachwa huru na wanapiga kura, na katika kaunti za ndani za South Carolina Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, wanatawala usiku. Mwezi Machi, katika Kaunti ya York, walimtoa nyumbani kwake Jim Williams, kapteni Mweusi wa wanamgambo, wakamnyonga mtini na kumbandika karatasi ya kejeli kifuani. Meja Lewis Merrill, aliyepelekwa huko na jeshi, aliandika taarifa za mauaji 11 na mamia ya watu waliochapwa viboko katika kaunti hiyo moja. Mashahidi walikuwepo. Ila mashahidi wale walirudi kulala majumbani mwao, na mahakimu wa hapo waliwajua wauaji kwa majina na wengine walikuwa wenzao.

Bunge lilipitisha sheria tarehe 20 Aprili 1871. Ilimruhusu Rais Ulysses Grant kusitisha habeas corpus mahali ambapo makundi kama hayo yameishinda serikali nguvu, kwa sharti kwamba kwanza atoe onyo la hadharani, na ruhusa yenyewe ikome mwisho wa kikao cha kawaida cha Bunge kinachofuata. Mwanasheria mkuu, Amos Akerman, ambaye ajabu ya dunia alikuwa amepigana upande wa Kusini, alikwenda mwenyewe kukusanya ushahidi. Tarehe 12 Oktoba Grant akawapa wahusika siku tano watawanyike na kusalimisha silaha. Tarehe 17 akasitisha katika kaunti tisa, zikitajwa moja moja.

Moja wakaikosea. Walikuwa wameandika Marion, kaunti isiyohusika. Iliyokusudiwa ilikuwa Union. Mwezi Novemba Grant alitoa tangazo la kuiondoa Marion, kisha lingine la kuiingiza Union. Kwa wiki mbili na ushei watu wa Marion walikuwa wamesitishiwa haki kwa kosa la ofisini. Wengine husoma hilo kama kichekesho. Mimi naliona kama ushahidi kwamba jambo lilikuwa wazi: kosa lilionekana kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kulionyesha, na lilirekebishwa kwa karatasi nyingine.

Askari wa Merrill walikamata mamia. Wengine walikimbia, wengine walikuja wenyewe kukiri kwa makundi hadi jela ya Yorkville ikafurika. Na hawakuozea humo. Kuanzia mwisho wa Novemba kesi zilifunguliwa Columbia, mji mkuu wa jimbo hilo, mbele ya mahakama ya kiraia, na majopo ya wazee wa mahakama yalikuwa na Weusi wengi. Mwaka uliofuata ruhusa ya kusitisha ikafa kama sheria ilivyosema. Klan katika kaunti hizo ikavunjika. Kilichowarudisha wabaguzi madarakani miaka michache baadaye ni Kaskazini kuchoka, na hiyo ni hadithi nyingine.

Sasa linganisha na mwaka 1942.

Hawaii, angalau, walitangaza. Siku ileile ya shambulio la Pearl Harbor, tarehe 7 Desemba 1941, Gavana Joseph Poindexter alisitisha habeas corpus na kukabidhi visiwa kwa jeshi, na hali hiyo ikadumu hadi Oktoba 1944. Maofisa wa kijeshi walihukumu hadi kesi za barabarani. Duncan, fundi wa karakana ya meli, alipata miezi sita kwa kupigana na askari wawili wa lindo. Mwaka 1943 Jenerali Robert Richardson alitoa amri ya kuwakataza majaji hata kupokea maombi ya habeas corpus. Jaji Delbert Metzger akamtoza jenerali faini ya dola 5,000 kwa kuidharau mahakama, ikashushwa hadi 100, na rais akamsamehe. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1946 kwamba mahakama zile za kijeshi hazikuwa halali. Kesi hiyo inaitwa Duncan dhidi ya Kahanamoku, na Kahanamoku huyo ni Duke, bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, kwa sababu wakati ule ndiye aliyekuwa sherifu wa Honolulu na mfungwa alikuwa mikononi mwake.

Lakini bara, Marekani yenyewe, hakuna aliyesitisha chochote. Bunge halikupiga kura. Rais Franklin Roosevelt hakutoa tangazo la kusitisha. Alisaini amri namba 9066 tarehe 19 Februari 1942, isiyotaja Wajapani hata mara moja, na watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, theluthi mbili wakiwa raia wa kuzaliwa, wakahamishwa na kufungiwa kambini. Hawaii, ambako zaidi ya theluthi ya wakazi walikuwa na asili hiyohiyo, na ambako mabomu yalianguka kweli, hawakuwafungia wote.

Mmoja wa waliofungiwa bara ni Mitsuye Endo, karani wa serikali ya jimbo huko Sacramento, Mmethodisti ambaye hakuwahi kufika Japani na ambaye kaka yake alikuwa jeshini, jeshi la Marekani. Wakili James Purcell alipeleka ombi lake la habeas corpus Julai 1942. Serikali iliona inakwenda kushindwa, ikamwambia: tutakuachia, mradi usirudi pwani ya magharibi. Angekubali, kesi ingekufa, maana mtu aliye huru hana cha kuombea hati. Alikataa. Akabaki nyuma ya seng'enge, kwanza Tule Lake kisha Topaz katika jangwa la Utah, muda ambao angeweza kuishi nje, ili wengine nao wawe na kesi.

Tarehe 18 Desemba 1944 majaji wote tisa walisema serikali haikuwa na mamlaka ya kumshikilia raia ambaye yenyewe inakiri ni mwaminifu. Siku moja kabla, siku ya Jumapili, jeshi lilikuwa limeshatangaza kwamba marufuku ya pwani inaondolewa. Siku hiyohiyo ya hukumu ya Endo, Fred Korematsu, aliyekuwa amekataa kuhama, alishindwa kwa kura 6 dhidi ya 3, na Mahakama ikahalalisha kuhamishwa. Jina la Korematsu linajulikana dunia nzima. La Endo, aliyeshinda, hulisikii.

Hapo ndipo ninapotofautiana na marafiki wanaosema ilimradi habeas corpus haijasitishwa, tuko salama. Mwaka 1942 haikusitishwa. Ilikuwepo vitabuni siku zote, mlango wa mahakama wazi, na watu 120,000 walikuwa ndani. Grant alilazimika kutaja kaunti, kutoa onyo na kukubali tarehe ya mwisho. Roosevelt hakulazimika kutaja chochote, kwa sababu rasmi hakuna kilichokuwa kimesitishwa.

Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani huko Cuba, ilirudia mtindo huo kwa ustadi zaidi. Jaji Antonin Scalia, ambaye si mtu ninayekubaliana naye mara nyingi, aliandika mwaka 2004 katika kesi ya Yaser Hamdi, raia aliyezaliwa Louisiana, kwamba serikali ina njia mbili kwa raia wake: imshitaki, au Bunge lisitishe habeas corpus. Njia ya tatu hakuna. Bunge halikuthubutu. Mwaka 2006 lilipitisha sheria iliyozinyima mahakama uwezo wa kusikiliza maombi ya wafungwa wa kigeni, bila kusema mahali popote kwamba linasitisha. Juni 2008, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ikasema hapana. Miezi mitano baadaye jaji aliusikiliza ushahidi dhidi ya Lakhdar Boumediene, aliyekuwa kifungoni tangu alipokamatwa Bosnia Oktoba 2001, akakuta hautoshi. Mei 2009 akapelekwa Ufaransa akiwa huru.

Ndiyo maana kauli ya Miller ina maana zaidi ukiiweka kwenye kalenda. Machi 2025 serikali ilitumia sheria ya maadui wa kigeni ya mwaka 1798 kuwasafirisha Wavenezuela hadi gereza la El Salvador, ikidai genge la Tren de Aragua ni uvamizi. Tarehe 7 Aprili Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanaotaka kupinga wapitie habeas corpus, pale wanaposhikiliwa, na wapewe taarifa mapema ili wawahi. Mlango ukabaki huo mmoja. Mwezi mmoja baadaye Miller akazungumzia kuufunga.

Kuufunga kwa mujibu wa Katiba, kama Taney alikuwa sahihi, kunahitaji kura za Bunge, na kunahitaji uasi au uvamizi. Kura ni jambo la kuhesabu. Uvamizi ndio mgumu: mwaka 1905, gavana wa Marekani huko Ufilipino alipositisha katika Cavite na Batangas, mahakama ya huko ilikataa kuchunguza kama kweli kulikuwa na uasi, ikisema hilo ni la serikali kuamua. Mahakama ya Juu ya Washington haijawahi kulijibu moja kwa moja, na majaji wa ngazi za chini wanaosikiliza kesi za Wavenezuela wameshaanza kutofautiana juu ya swali linalofanana nalo.